Pumzi na Mkojo: Namna ya Kuwahi Maradhi ya Mapafu na Figo

Marehemu mjomba wangu alilala amekaa kwa muda wa mwezi mzima kabla hatujamfikisha hospitali. Alianza na mto mmoja, ikawa miwili, mwisho akawa anaegemea ukuta hadi alfajiri, kwa sababu kila akijinyoosha pumzi ilimkata. Nyumbani sote tulisema ni kifua. Tukamnunulia dawa ya kikohozi, tukamchemshia tangawizi, tukamfukiza kwa majani ya mkaratusi. Jioni moja mkewe alipokuwa akimvua viatu aliona soksi zimechimba alama miguuni. Akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakitoa, na shimo likabaki pale pale. Hospitali walipima mkojo na damu. Mapafu yake yenyewe hayakuwa na ugonjwa. Yalijaa maji kwa sababu figo zilikuwa zimeacha kuyatoa.

Naandika kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mgonjwa kama yule. Ndugu msomaji, ninachokuomba ukishike ni kimoja: usisubiri maumivu. Mapafu na figo huharibika kimya kimya, lakini kila siku hutoa alama mbili ambazo hata asiyekuwa daktari anaweza kuzisoma. Alama hizo ni pumzi na mkojo.

Viungo viwili, damu ile ile

Damu ikizunguka mwilini hutoka chafu, na kuna mahali pawili pa kuisafishia. Mapafuni huacha hewa ya ukaa na kuchukua oksijeni. Kazi hiyo hufanyika kwenye vifuko vidogo vya hewa zaidi ya milioni 300, vyenye kuta nyembamba mno. Figoni huacha taka za chakula na dawa, chumvi iliyozidi na maji yasiyohitajika. Kila figo ina ukubwa wa ngumi na vichujio vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote. Kinachobaki, kama lita moja na nusu hadi mbili, ndicho mkojo.

Viungo hivi husaidiana pia kuondoa asidi. Asidi ikizidi kwenye damu, mapafu huongeza kasi ya kupumua na kuipunguza kwa dakika chache. Figo hufanya kazi hiyo polepole, kwa saa na siku, lakini huifanya kikamilifu zaidi. Aidha, figo hutuma homoni inayoamuru uboho wa mifupa utengeneze damu, na hushiriki kupanga shinikizo la damu.

Mungu ametujalia akiba kubwa katika viungo vyote viwili. Mtu anaweza kuishi na figo moja, na anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mapafu bado akatembea. Akiba hiyo ni neema, lakini ndiyo hutufanya tuchelewe. Kwa kuwa mwili unaendelea kujikongoja, twadhani hakuna kilichoharibika.

Hesabu pumzi kabla ya kununua dawa

Kikohozi cha mafua hupita chenyewe. Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi au homa ya mapafu, isipotibiwa yaweza kuua. Vifuko vya hewa hujaa usaha na majimaji, oksijeni hukosa njia, na mgonjwa hupumua haraka haraka ili kufidia. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo, kasi ya pumzi husema ukweli kuliko mlio wa kikohozi.

Fanya hivi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mpandishe nguo uone kifua na tumbo. Chukua simu yenye saa, kisha hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, maana watoto hupumua bila mpangilio. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo inageuka rangi, usipitie duka la dawa. Nenda moja kwa moja kituo cha afya. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayezidi hapo huku amekaa tu ana jambo la kuchunguzwa.

Dawa ya maji ya kikohozi haitibu nimonia, na isiyo salama yaweza kuua kwa njia ambayo hatukuitarajia. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka mitano, walifariki baada ya figo zao kufa ghafla. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwamba dawa za maji za watoto zilizotoka nje zilikutwa na kemikali za viwandani zenye sumu kwa figo. Mama alikwenda kutibu homa na kikohozi, mtoto akaacha kukojoa. Basi nunua dawa kwenye duka lililosajiliwa, na mtoto anayeumwa akipitisha saa sita hadi nane bila kukojoa, mpeleke hospitali pamoja na chupa ya dawa aliyokunywa.

Pumu yataka dawa hata siku ya uzima

Kwa mwenye pumu, njia za hewa huvimba kwa ndani na kujibana. Dawa za kuvuta ni za namna mbili. Ya kwanza, ambayo mara nyingi huwa kwenye kikopo cha bluu, hulegeza njia kwa muda mfupi. Ya pili hupunguza uvimbe wenyewe, na huvutwa kila siku hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Wengi wetu hutumia ile ya kwanza tu, kwa kuwa nafuu yake huonekana papo hapo, huku uvimbe ukizidi chini kwa chini. Ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kwa daktari uulizie ile ya pili.

Wapo wanaoogopa kikopo cha kuvuta wakisema ukishakianza huachi. Si kweli. Dawa ya kuvuta huingia kidogo na kufika panapohusika, kwa hiyo mwili mzima hauibebi kama unavyobeba vidonge. Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri huhitaji chombo cha kuwekwa kati ya kikopo na mdomo wake. Madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa kikopo na kuzibwa pembeni, hufanya kazi kama chombo cha kununua. Mtoto hupumulia kwenye mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi akuonyeshe mara moja, ukishaona utaweza.

Kikohozi cha wiki mbili kina jina

Kikohozi kikifika wiki mbili, acha kubahatisha na dawa za dukani. Kapime kifua kikuu, hasa ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, au nguo zinaanza kukupwaya. Vijidudu vya ugonjwa huu vilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na leo hutibika. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na katika nchi zetu vipimo na dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kipimo kimoja kikisema huna na kikohozi kikaendelea, rudi tena. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa vituoni, nao wamegundua wagonjwa wengi ambao kipimo cha kwanza kiliwakosa. Wangebaki nyumbani wangeendelea kuambukiza familia zao.

Mwezi wa pili wa dawa ndio wenye mtego. Kikohozi kimekatika, hamu ya kula imerudi, vidonge vinachosha. Anayeacha hapo huviacha vijidudu vigumu zaidi vikiwa hai, navyo vikirudi hurudi vikiwa sugu. Hospitali ya Kibong'oto huko Siha, Kilimanjaro, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, na hutibu pia wenye kifua kikuu sugu. Ukiona mkojo una rangi ya chungwa katika siku za dawa, usiogope wala usiache kunywa. Ni rangi ya dawa yenyewe, figo hazijaumia.

Moshi wa jikoni na vumbi la kazini

Mama anayekaanga vitumbua kwa kuni tangu saa kumi alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, huvuta moshi kama mvuta sigara ingawa hajawahi kuishika. Baada ya miaka 20 njia zake za hewa huwa nyembamba na vifuko vimechanika, naye huanza kupumzika katikati ya kilima alichokuwa akikipanda akiimba. Hali hiyo haigeuki nyuma, ila huzuilika. Tumia kuni zilizokauka kabisa, pika nje au karibu na dirisha lililo wazi, weka jiko banifu au gesi kadiri mfuko unavyoruhusu, na mtoto mpe mwingine amshike mbali na moto. Katika baridi ya Njombe au Limuru, usilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu usingizini.

Mchimbaji wa madini na mpasuaji mawe nao wana adui wao. Vumbi la mwamba hukaa mapafuni na kuacha makovu, na mapafu yenye makovu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kulowesha mwamba kabla ya kutoboa hupunguza vumbi kuliko kitambaa cha puani.

Figo haziumi

Wengi wakishikwa na kiuno husema, "Figo zinaniuma." Mara nyingi ni misuli au uti wa mgongo. Figo huweza kuuma zikiwa na jiwe au zikishambuliwa na vijidudu, lakini ule uharibifu wa miaka mingi, unaoishia kwenye mashine ya kusafisha damu, hauumi hata kidogo.

Visababishi vyake vikubwa viwili twavijua kwa majina ya mtaani: sukari na presha. Sukari nyingi kwenye damu huharibu vichujio hadi vinaanza kupitisha protini. Presha hugonga mishipa midogo ya figo mchana na usiku, nayo figo iliyoumia hupandisha presha zaidi. Mwenye maradhi hayo hata akijisikia mzima apimwe mkojo na damu angalau mara moja kwa mwaka.

Soma mkojo wako. Povu zito lisilokwisha upesi, siku hadi siku, laweza kuwa protini. Rangi ya chai ya rangi au ya damu yataka daktari. Kuamka mara nyingi usiku kukojoa, uso kuvimba asubuhi, pete kubana, viatu kukataa kuingia jioni: hizo zote ni alama. Mjamzito anayevimba uso na mikono, kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu, asingoje tarehe ya kliniki. Yaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba.

Huko Pemba, Kwale na Shinyanga, mvulana akikojoa damu wapo wazee waliodhani ndiyo dalili ya kubalehe. Ni kichocho. Mayai ya minyoo hukaa kwenye kibofu na mirija ya mkojo, mirija huziba, mkojo hurudi nyuma na kuziharibu figo polepole. Dawa yake hutolewa shuleni kwenye kampeni. Usimfiche mtoto siku hiyo.

Vya nyumbani vinavyodhuru figo

Cha kwanza ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mishipa inayopeleka damu figoni. Kidonge cha siku mbili kwa mtu mzima wa afya kwa kawaida hakina neno. Kumeza kila siku kwa ajili ya magoti, hasa kwa mzee, kwa mwenye presha, au kwa mtu anayeharisha, ni kuziua figo kwa mkono wako. Mweleze muuza dawa maradhi uliyo nayo, umwombe iliyo salama zaidi.

Cha pili ni mitishamba isiyojulikana kipimo. Chupa ya "kusafisha figo" isiyoandikwa kilichomo yaweza kuzichoma. Hata tunda la kawaida lina mpaka. Birimbi kidogo kwenye achari halina ubaya kwa mtu mzima wa afya, lakini huko Kerala, India, madaktari waliwapokea watu ambao figo zao zilizima baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi ili kushusha lehemu. Asidi iliyo ndani yake hufanya fuwele na kuziba vijia vidogo vya figo.

Cha tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vipande vya kuungia mchuzi. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, uroweke, umwage maji, uroweke tena, kisha upike bila kuongeza chumvi.

Cha nne ni kukaukiwa na maji. Dereva wa bodaboda, mkata miwa na mtoto anayeharisha wote wamo hatarini. Mkojo wa manjano hafifu ndio kipimo chako. Lakini yule ambaye figo zake zimekwisha kushindwa hapaswi kuambiwa "kunywa maji mengi". Maji hayo hayana pa kutokea, yataishia miguuni na mapafuni. Huyo pia aulize kuhusu ndizi, parachichi na madafu, kwa kuwa potasiamu iliyomo ikizidi husimamisha moyo.

Kimoja kikiugua, kingine hubeba

Figo zikishindwa, maji hupanda mapafuni na mgonjwa hawezi kulala chali. Asidi ikizidi, atapumua kwa kina na kwa kasi ingawa mapafu ni mazima. Damu nayo hupungua, kwa sababu homoni ya figo imepotea. Wapo waliokunywa vidonge vya kuongeza damu na juisi ya rozela miezi kwa miezi bila mtu kuwapima figo.

Upande wa pili ni vivyo hivyo. Nimonia kali hushusha presha na oksijeni, figo zikakosa damu na kuzima. Mapafu yaliyochoka kwa moshi huuchosha moyo upande wa kulia, miguu ikavimba. Mwenye selimundu anaweza kushambuliwa kotekote, kifuani kwa ghafla na figoni kwa miaka. Ndiyo maana mwenye pumzi fupi na miguu iliyovimba asitibiwe kifua peke yake. Lazima apimwe moyo na mkojo pia.

Maswali ya kuuliza hospitali

Ukiwa na miaka 40 na kuendelea, au ukiwa na sukari, presha, au ndugu aliyefariki kwa figo, omba vipimo hivi: presha, sukari, protini kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu, taka ambayo huongezeka figo zikishindwa. Kisha uliza, "Kreatinini yangu ni ngapi, na figo zinachuja kwa kiasi gani?" Andika jibu kwenye daftari ulilinganishe na la mwaka ujao. Uliza pia, "Dawa hii ni salama kwa figo zangu?" Kwa kifua uliza, "Nimepimwa makohozi?" Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

Anayechelewa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, maisha yake yote au hadi apate figo ya kupandikizwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini figo ya kupandikiza lazima itoke kwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni ndugu yako.

Mjomba alisafishwa damu kwa miezi mitano, kisha tukamzika. Presha yake ilijulikana miaka tisa kabla. Dawa aliziacha kwa kuwa hakusikia maumivu. Leo jioni, kabla hujalala, tazama miguu ya wazee wako na ubonyeze juu ya kifundo. Msikilize anayelalia mito mingi. Ukiona shimo limebaki, au pumzi zinakatika, mfikishe hospitali kesho asubuhi na umwambie daktari apime mkojo. Akishindwa kuvuta pumzi usiku huo huo, usingoje kuche.